Rangi Niliyokataa Kuichagua

Mume wangu ananiona mvivu wa kuamua. Wiki iliyopita kaja na vipande viwili vya plaiwudi vilivyopakwa rangi, kavisimamisha juu ya kabati la televisheni, kaniambia nichague kimoja ili fundi aanze kazi Jumamosi. Vyote viwili krimu. Kimoja kimekolea kidogo, mfano wa chai iliyozidishwa maziwa, kingine kimepoa. Nikamwambia chagua mwenyewe. "Mama Aisha," akasema, "rangi tu hiyo, si talaka." Nikaenda jikoni nikajifanya naangalia wali. Ile harufu ya rangi mbichi ilikuwa imenifuata hadi huko.

Mtu mzima na watoto wawili, naogopa krimu. Chekeni tu. Lakini nyie wa rika langu mliokulia uswahilini mnakumbuka tulivyokuwa hatuambiwi kitu. Ukiuliza habari ya nyumbani kwenu mwenyewe unajibiwa mambo ya wakubwa hayo, toka nje kacheze. Basi tunatoka, tunakaa na wenzetu chini ya ukuta, tunaunganisha wenyewe vipande tulivyookota mlangoni. Vya kwangu niliviunganisha vibaya, na nusura vinimalize.

Tulikuwa tunakaa Yombo, nyumba ya kupanga, sebule na vyumba viwili. Baba alikuwa anaendesha foko, ile gari ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja Barabara ya Pugu. Mama alikuwa anashona nguo barazani. Mama alikuwa na kifua. Ndivyo tulivyokuwa tunasema, ana kifua, utadhani sie wengine hatuna. Kuna wakati alikuwa anaacha kushona katikati ya mshono, anashika magoti, anahema taratibu huku ananionesha kwa kidole nisubiri. Halafu anaendelea na kazi yake. Nilikuwa na miaka minane na nilidhani mama wote wanafanyaga hivyo.

Siku moja wakati wa likizo nikarudi kutoka dukani nikakuta cherehani limefunikwa shuka na mama hayupo. Baba akasema amelazwa. Nikauliza atarudi lini, akasema akipona. Nikauliza atapona lini, akachukua ndoo akaenda kuoga. Siku mbili baadaye akaja shangazi Fatu kutoka Masasi, dada mkubwa wa baba, na mfuko wa korosho na amri zake. Nikamwamkia shikamoo shangazi, akaitikia marahaba, akanigeuza mbele na nyuma, akasema, "Huyu mtoto kakonda. Haya, kaoge, unuke kama watu."

Wodini watoto hatukuruhusiwa. Walinipeleka mara moja tu, nikaachwa getini kwenye benchi karibu na mlinzi, nikahesabu madirisha nikijaribu kukisia la mama ni lipi. Baba akatoka macho mekundu. Nikamuuliza, akasema vumbi. Ndani ya hospitali kuna vumbi gani? Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwelikweli, maana baba hakuwa mtu wa kusema uongo na ule ulikuwa uongo wa kitoto kabisa.

Sasa lazima niwaambie habari ya Zuhura. Zuhura alikuwa mtoto wa jirani, mkubwa wangu kwa mwaka mmoja, na mambo yote ya dunia nilifundishwa na yeye. Miezi michache kabla ya hapo babu yake alikuwa anaumwa. Nyumba yao ilikuwa chafu ya kawaida tu, kama zetu zote, mpaka siku moja akaja fundi wakatoa makochi nje, wakapaka sebule rangi. Zuhura alituringia wiki nzima. Tukaitwa kuona, tukakatazwa kugusa. Rangi haijamaliza hata harufu, babu akafa. Turubai likafungwa, viti vya plastiki vikajaa mpaka njiani, na wanawake wakakaa chini kwenye mikeka ndani ya ile sebule mpya. Nikamwambia Zuhura bahati mbaya, nyumba yenu imependeza na babu hayupo kuiona. Akaniangalia kwa kunihurumia.

"Wewe nawe! Wakubwa wanajuaga," akasema. "Wakiona mgonjwa ndo anaenda, wanapaka rangi kwanza. Watu si watajaa? Utawaingiza kwenye nyumba chafu?"

Na msinicheke hapo, kwa sababu Zuhura hakuwa amekosea sana. Nimekuja kuwasikia watu wazima wakinong'ona hayo hayo kwa maneno ya adabu zaidi. Kosa langu ni kwamba nililishika neno lake kama sheria. Kwangu rangi haikuwa maandalizi. Rangi ndiyo iliyokuwa inakiita kifo.

Basi Jumatatu moja, mama ana wiki mbili hospitali, natoka kwa kina Zuhura nimeshika kipande cha muhogo, nikakuta makochi yetu yako uani juani. Meza ya kioo iko nje. Zulia limeanikwa kwenye kamba. Na mlangoni kwetu amesimama mwanamume mrefu, mwembamba, ovaroli limejaa madoa, kichwani kavaa kofia ya karatasi ya mfuko wa saruji. Nilimjua pale pale. Ni yule yule aliyepaka kwa kina Zuhura. Madrasa tulikuwa tumefundishwa habari za Izraili, malaika anayetoa roho, na siku zote nilikuwa najiuliza anaonekanaje. Muhogo ukanidondoka.

Alikuwa anaitwa Fundi Issa. Alikuja na ndoo ya rangi nyeupe na vichupa vya rangi kali za kuchanganyia, maana zamani zile fundi alikuwa anakutengenezea rangi yako mwenyewe kwa jicho, anatia tone, anakoroga, anatia jingine. Alikuwa amekwangua kipande cha ukuta karibu na dirisha na kupaka mabaka mawili ya krimu yaliyolingana, kila moja ukubwa wa gazeti lililofunguliwa. Juu yake akaandika kwa penseli, moja na mbili. Baba alikuwa amewahi kutoka kazini. Wakasimama watatu wanayatazama yale mabaka, baba, shangazi na fundi, na mie nyuma yao nimeshika fremu ya mlango.

"Namba moja," akasema shangazi. "Hii ina joto. Chumba kitachangamka."

"Mie naona namba mbili imetulia zaidi," akasema baba.

"Saidi, hiyo imepauka. Utadhani uji wa juzi."

"Dada, rangi zenyewe hizi ni moja."

"Kama ni moja, mbona unabishana?"

Fundi akacheka. Akawaambia wamuulize mwenye chumba, yaani mama. Shangazi akaruka. "Mgonjwa haulizwi uji, wewe unataka aulizwe rangi!" Wakabishana mpaka alasiri, wakubwa wawili, juu ya mabaka mawili ambayo mie kwa macho yangu ya utoto niliyaona sawasawa. Leo naelewa kwamba hawakuwa wanabishania rangi. Walikuwa na hofu yao, na mtu mwenye hofu hugombana na chochote kilicho karibu. Siku ile nilielewa jambo moja tu: wakielewana, mama anakufa. Mwishowe baba akachoka. "Haya, namba moja, yaishe," akasema. Fundi akasema ataanza kesho asubuhi.

Sijawahi kuogopa vile tena, hata siku niliyojifungua. Nikaenda kwa Zuhura nikamwambia kwetu wanapaka rangi sebule. Nilitaka aniambie nyumba nyingine zinapakwa tu. Akanishika mkono, na Zuhura hakuwaga mtu wa kumshika mtu mkono.

Magharibi shangazi alipotandika mswala chumbani, nikachukua ufutio wangu wa shule nikaingia sebuleni. Nikafuta moja, nikafuta mbili, nikaandika upya kwa penseli yangu, mbili ilipokuwa moja, na moja ilipokuwa mbili. Ile mbili ilitoka imepinda. Nilimwomba Mungu anisamehe, kisha nikamwomba asimwambie shangazi.

Asubuhi fundi amekwishachovya brashi, shangazi akasogea dirishani na kikombe chake cha chai. Akasimama. Akainamisha kichwa huku na huku.

"Mbona hii siyo?"

"Ndiyo mama," akasema fundi. "Namba moja hii hapa."

"Mie sikuchagua hii. Hii si ndo ile iliyopauka?"

Baba alikuwa anafunga kamba za viatu. Akanyanyuka na kiatu kimoja. "Dada, jana umeniburuza na namba moja yako mpaka nimekubali. Leo namba moja huitaki?"

"Saidi, usinifanye mie mwendawazimu."

Ilikuwa vita. Baba akatoka bila kunywa chai, shangazi akabaki anaongea na ukuta, na Fundi Issa, ambaye alikuwa ameyaona mengi kwenye nyumba za watu, akaosha brashi yake. "Elewaneni kwanza," akasema. "Mie nina kazi Kimara ya siku mbili tatu. Ijumaa narudi." Akanipita mlangoni. Akanitazama, akatazama ukutani, akanitazama tena. Nikakimbilia chooni nikajifungia.

Siku tatu! Nilikuwa nimempatia mama siku tatu. Mchana ule nilikula wali mpaka ukoko, shangazi akasema angalau mtoto ameanza kula. Lakini furaha yenyewe haikufika jioni, kwa sababu shangazi hakukaa bure. Alifua mikeka yote akaianika. Alifua khanga za mama, akazikunja mojamoja akaziweka kwenye sanduku na vipande vya sabuni. Akaazima sufuria kubwa kwa mama yake Zuhura. Kila alichokishika nilikuwa nimekwishakiona kwa kina Zuhura, na kwa mpangilio ule ule. Nilimfuata chumba kwa chumba. Akaniuliza, "We Somoe, una nini, mbona kama kivuli changu?" Nikasema sina kitu. Ningesema nini? Kuna maneno mtoto anaogopa kuyatoa mdomoni kwa kuhofia yasije yakatimia.

Na Zuhura kila siku akinikuta ananiuliza, "Wamepaka?"

"Bado."

"Basi bado," anasema, na tunaendelea kucheza rede.

Alhamisi mchana simu ya shangazi ikaita. Baba alikuwa hospitali, saa ya kuona wagonjwa, na akampa mama simu aongee. Shangazi akaiweka sauti kubwa. Sikuwa nimeisikia sauti ya mama kwa zaidi ya wiki mbili. Ilikuwa yake lakini ilikuwa nyembamba, na kila baada ya maneno mawili alikuwa anasimama kuvuta pumzi, na pumzi yenyewe ilikuwa inapiga mluzi.

"Wifi," akasema, "msigombane... kwa ajili ya ukuta. Achague Somoe."

"Somoe mtoto, atajua nini?"

"Achague yeye. Atakayosema... mie nipo radhi."

Shangazi akanipa simu nimsalimie. Nikashindwa. Nikasema "shikamoo mama" tu, nikamrudishia simu yake. Nilichokisikia mie ni kwamba mama anajua. Amekwishajua, amekubali, na amenichagua mie niwe wa kusema. Kati ya watu wote, mie! Mwanawe!

Ijumaa Fundi Issa akarudi mapema kama alivyoahidi. Baba alichelewa kwenda kazini ili jambo liishe. Wakanisimamisha mbele ya ukuta. Fundi ameshika brashi, kopo moja mguu wa kulia, jingine mguu wa kushoto.

"Haya mama, tuambie," akasema baba kwa upole. Akiwa na huzuni alikuwa ananiita mama. "Ipi?"

Sikujibu.

"Somoe, baba yako anakuuliza."

Sikujibu.

"Kidole tu," akasema shangazi. "Nyoosha kidole. Fundi hana siku nzima. Mtoto gani ana kiburi hivi, mama yake anaumwa na yeye analeta kiburi!"

Niliyatazama yale mabaka mpaka yakaungana. Nikiulizwa leo, ningesema lile la kushoto lilikuwa na uwekundu kidogo, kwa mbali sana, na la kulia lilikuwa na umanjano kwa mbali. Siku ile niliona milango miwili na nyuma ya yote miwili mama amelala kafunikwa. Jasho jembamba likanitoka. Kisha nikahisi moto unashuka mapajani, nikatazama chini, nikaona sakafu imelowa. Miaka minane na nimejikojolea mbele ya watu.

Shangazi akafungua mdomo. Fundi Issa akainua mkono kumzuia. Akaiweka brashi juu ya kopo, akavua kofia yake ya karatasi, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Kwa karibu alikuwa mzee kuliko nilivyodhani, na nyusi zake zilikuwa na vumbi jeupe.

"Binti, mie unanijua?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Uliniona wapi?"

"Kwa kina Zuhura."

"Nilifanya nini kwa kina Zuhura?"

"Ulipaka rangi," nikasema, "babu akafa."

"Astaghfirullah!" akasema shangazi. Nilimsikia baba akikaa chini, pale pale sakafuni.

Fundi hakucheka na hakunikemea. Alifikiri kidogo kama mtu aliyeulizwa swali la kazi yake. "Sikiliza," akasema. "Mie naitwaga kwa harusi. Naitwaga kwa Idi. Na msiba naitwaga pia, sikufichi, ile ya kwa kina Zuhura ilikuwa hiyo. Lakini hapa sijaitwa kwa msiba. Hapa nimeitwa kwa ajili ya kifua cha mama yako." Akanishika mkono, akaupeleka kwenye ukuta wa zamani ambao haujakwanguliwa, akaupitisha. Mkono ukarudi mweupe. Ilikuwa chokaa, ile ya kupaka miaka yote, ukiegemea unaondoka na mgongo mweupe. "Puliza."

Nikapuliza. Unga ukapaa, ukanipanda puani, nikakohoa.

"Mama yako anavuta hiyo kila siku. Na chumbani kwenu, nyuma ya kabati, ukuta umeota ukungu. Daktari kasema asilale kule tena. Atalala hapa sebuleni penye madirisha, kitanda chake kitawekwa pale. Ndo maana makochi yako nje. Hawakukuambia?"

"Mtoto haambiwi mambo ya ugonjwa," akasema shangazi, lakini kwa sauti ndogo.

"Haya, hakuambiwa," akasema Fundi Issa. "Kajiambia mwenyewe."

Nikamuuliza baba, "Anarudi lini?" Baba akasema daktari alikwishamruhusu tangu Jumatatu. Alitaka hata atoke upesi, kwa sababu wodini watu wanakoholeana na kifua cha mama hakihimili. Lakini daktari huyo akasema asirudi kwenye vumbi lile, chumba kiwe tayari kwanza. Ndipo baba akawaomba wa hospitali wamvumilie kitandani siku mbili tatu.

Jumatatu. Nikahesabu kwa vidole mbele yao. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, na leo. Siku zote zile nilizojisifu moyoni kwamba namzuia mama asife, nilikuwa namzuia asirudi nyumbani. Nilikuwa nimemfungia kule na wanaokohoa kwa ufutio wangu wa shule. Kama kuna hofu mbaya kuliko ile ya kwanza, ni hii, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ya Mungu na hii ilikuwa yangu mwenyewe.

"Paka!" nikapiga kelele. "Paka yoyote! Paka sasa hivi!"

"Ipi, moja au mbili?"

"Yoyote! Ndo hiyo hiyo! Paka!" Nikamkamata mkono nikauvuta kwenye kopo. Nikawaambia habari ya ufutio, nalia, maneno yanakanyagana. Shangazi akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaficha uso kwenye khanga yake. Nilidhani ananikasirikia. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na aliponivuta nikakuta analia. Fundi Issa akachukua kopo lililokuwa karibu na mguu wake akaanza kukwangua na kupaka, na sijui mpaka leo lilikuwa lipi.

Alipaka Ijumaa na Jumamosi. Ikabaki harufu. Fundi akasema madirisha yaachwe wazi, harufu itoke yote, maana nayo ni adui wa kifua. Nikachukua pepeo la mkaa la shangazi nikakaa mbele ya ukuta nikaupepea. Niliupepea ukuta mzima, sehemu kwa sehemu, mikono ikavimba. Zuhura akaja dirishani akaniuliza kama wamepaka. Nikamwambia wamepaka, na asiniulize tena. Jumamosi hiyo baba akarudi akasema homa ya mama imerudi. Nikaendelea kupepea. Shangazi akanisogezea sahani ya chakula pale pale nilipo, na hakunipa amri yoyote. Jumapili akachukua ungo akakaa kando yangu, tukapepea wote wawili.

Jumatano mama akaja. Alishuka kwenye bajaji akiwa mwembamba kama si yeye, baba kamshika upande mmoja, shangazi upande mwingine, na kutoka njiani hadi mlangoni alipumzika mara tatu. Nilisimama mbali. Niliogopa kumgusa, niliogopa kitakachotokea akivuka kizingiti. Akavuka. Akavuta pumzi. Akakohoa kidogo, akavuta nyingine ndefu. Hapakutokea kitu. Wakamlaza, wakaenda jikoni kumpikia uji, akanipungia mkono nije.

Nikamwambia yote. Nilitegemea acheke, maana baba alikwishaanza kuisimulia kama kichekesho. Mama hakucheka. Alinisogeza akaniweka ubavuni, nikausikia ule mluzi ndani ya mbavu zake.

"Uliogopa peke yako siku zote hizo?"

"Ndiyo."

"Mie pia," akasema. "Kitanda cha pili kutoka changu walimtoa mtu kafunikwa, na cha tatu wakamtoa mtu. Nikawa nahesabu vitanda. Sikumwambia yeyote, wala baba yako."

"Mama, utakufa?"

Akavuta pumzi kwanza. "Nitakufa, Somoe. Kila mtu atakufa. Lakini nikiona ndo siku yenyewe, nitakwambia mie mwenyewe kwa mdomo wangu. Usiuulize ukuta. Usimuulize Zuhura. Mpaka usikie kwangu."

"Hata wakubwa wakikukataza?"

"Wakubwa gani? Mkubwa wako mie."

Mama aliishi. Alishona, alininung'unikia, alinioza, aliwabeba wanangu wote wawili. Kila alipolazwa, na alilazwa mara nyingi, watu walikuwa wananitazama usoni wakishangaa nimetulia vile. Nilikuwa namuuliza kwa simu swali moja tu, "Mama, ndo yenyewe?" Ananijibu, "Bado, endelea na kazi zako."

Mwaka huu mchana mmoja nilikuwa nyumbani Kimara, nachambua mchicha, simu ikaita. Sauti ya mama ilikuwa imerudi kuwa nyembamba kama Alhamisi ile ya utotoni.

"Somoe, uko wapi?"

"Niko nyumbani, mama."

"Njoo," akasema. "Nakwambia kama nilivyokuahidi."

Niliacha mchicha sakafuni, nikachukua bodaboda. Niliogopa njia nzima, lakini niliwahi.